Kitendawili cha ramani

Kitendawili cha ramani ni mchezo ambamo mtu mmoja (mtegaji) huficha mahali fulani ndani ya fumbo fupi, na wenzake (wateguaji) hupatafuta mahali hapo kwa kutumia ramani za mtandaoni, picha za setilaiti au picha zilizopigwa barabarani. Jibu halitolewi kwa jina peke yake. Mteguaji hutaja pia nukta yenyewe kwenye ramani, yaani latitudo na longitudo, ili mtegaji aweze kuihakiki. Mchezo huu hauna chama wala kanuni moja iliyoandikwa, na huchezwa kwa namna mbalimbali katika nchi nyingi.

Makala hii inaueleza kwa mifano ya Kondoa, mji na wilaya katika mkoa wa Dodoma, Tanzania. Mandhari na historia ya Kondoa hutoa mafumbo mengi mazuri. Huko huko pia kuna mahali ambapo kutega kitendawili bila uangalifu kunaweza kuleta hasara isiyorekebishika.

Uhusiano na vitendawili vya jadi

Vitendawili ni sehemu ya fasihi simulizi ya Waswahili na ya watu wengi wa Afrika Mashariki. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wasikilizaji hujibu "Tega!". Kisha fumbo hutolewa, kama kile kinachojulikana na kila mtoto cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba jiografia imekuwamo katika mchezo huo tangu zamani. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji husema "Nipeni mji". Mmoja wao hutoa mji, tuseme Mombasa au Tabora. Mtegaji akiona haumtoshi huukataa na kudai mwingine. Akiridhika husimulia kwamba alikwenda katika mji huo, akapokewa vizuri, akala na kunywa, kisha ndipo hutoa jibu. Kwa hiyo kushindwa kulilipwa kwa mji, na mtoto aliyetaka kucheza alilazimika kuwa na akiba ya majina ya miji kichwani. Miji mikubwa ndiyo iliyopendwa. Ni nadra mtu kutoa Kondoa, na akiitoa huulizwa iko wapi, swali ambalo ndilo hasa mchezo wa ramani unalijibu.

Kitendawili cha ramani kinageuza mpangilio huo: mji ambao zamani ulikuwa malipo ya kushindwa sasa ndio jibu lenyewe. Tofauti nyingine ni kwamba kitendawili cha jadi hutegemea jibu ambalo jamii nzima inalijua, lakini cha ramani hutegemea ushahidi ambao kila mmoja anaweza kuukagua kwa macho yake.

Ramani zinazotumika

Kabla ya mtandao, michezo ya namna hii ilichezwa kwa atlasi. Mwaka 1985 ulitolewa nchini Marekani mchezo wa kompyuta uitwao Where in the World Is Carmen Sandiego?, ambamo mchezaji humfuatilia mwizi kutoka mji hadi mji kwa kufuata dokezo za kijiografia.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 2000. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Google Maps na Google Earth zilifuata mwaka 2005, na picha za barabarani za Street View zilianza mwaka 2007. Mwaka 2013 Anton Wallén wa Uswidi alitoa mchezo wa GeoGuessr. Humo mchezaji huwekwa mahali asipopajua ndani ya picha za Street View, kisha hukisia yuko wapi. Mchezo wa kawaida una raundi tano, na kila raundi huweza kuleta alama 5,000, hivyo jumla ya juu ni 25,000.

Wachezaji hodari wa GeoGuessr husoma vitu vidogo. Gari likienda upande wa kushoto wa barabara, huenda ni Tanzania, Kenya au Uganda. Likienda kulia, huenda ni Rwanda, Burundi au Kongo. Gari la mtu binafsi la Tanzania lina kibao cha namba cha rangi ya manjano. Lakini kwa Tanzania mchezo huo una upungufu mkubwa, kwa kuwa magari ya Street View yalipita sana Kenya na Uganda kuliko huku. Picha za Tanzania zilizojulikana mapema zilikuwa za maeneo maalumu, kama kilele cha Kilimanjaro na Hifadhi ya Gombe. Ndiyo maana kitendawili cha ramani kuhusu sehemu kama Kondoa hutegemea zaidi picha za setilaiti, OpenStreetMap na maarifa ya mtegaji mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huo ni ubora wala si upungufu. Anayetambua nchi kwa nguzo za umeme amejifunza nguzo za umeme, lakini anayefuata mto hadi unapoishia amejifunza nchi.

Jinsi ya kutega na kutegua

Mtegaji huchagua mahali, hutunga fumbo lenye dokezo mbili au tatu, na huandika pembeni jibu lake kamili kabla ya kuanza. Dokezo la kwanza kwa kawaida ni la jumla, na yanayofuata hupunguza uwezekano. Kitendawili kizuri kina jibu moja tu, na mtegaji ana wajibu wa kujaribu kukivunja mwenyewe kwanza, yaani kutafuta mahali pengine panapolingana na maneno yake. Akipapata, basi fumbo halijaiva.

Mteguaji hutoa nukta. Kwa ramani za mtandaoni nukta huandikwa kwa nyuzi za desimali, latitudo kwanza na longitudo baadaye. Mji wa Kondoa, kwa mfano, uko karibu na -4.9, 35.8. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba mahali hapo ni kusini mwa ikweta.

Makosa mawili hujirudia sana kwa wanaoanza. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Ukiandika 4.9, 35.8 unapelekwa kaskazini mwa Ziwa Turkana, karibu na pale ambapo Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini zinakutana. La pili ni kugeuza mpangilio. Ukiandika 35.8, -4.9 unatua ndani ya Bahari ya Mediteranea, karibu na pwani ya Moroko. Kondoa haina bahari, kwa hiyo kosa hili angalau hujitangaza lenyewe.

Idadi ya tarakimu baada ya nukta nayo ina maana. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Tarakimu mbili za desimali zinaonyesha mahali kwa usahihi wa kilomita moja hivi, ambao unatosha kwa kijiji. Tarakimu nne zinafikia mita 11 hivi, zinazotosha kwa nyumba. Kuandika tarakimu saba kwa jibu ambalo ni ziwa zima ni mbwembwe tu. Waliosoma jiografia sekondari watafananisha jambo hili na marejeo ya gridi ya tarakimu nne na tarakimu sita kwenye karatasi za ramani za 1:50,000. Aliyewahi kuumia na swali la usomaji wa ramani katika mtihani wa kidato cha nne hatapata tabu hapa.

Mifano kutoka Kondoa

Mafumbo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya maelezo haya.

"Mto naitwa, bahari siijui; safari yangu huishia matopeni." Jibu ni Mto Bubu, unaopita Kondoa na kuelekea kusini hadi kinamasi cha Bahi. Maji yake hayafiki Bahari ya Hindi, kwa kuwa sehemu hii ya nyanda za kati ni bonde lililofungwa. Hata hivyo fumbo hilo halijaiva. Mteguaji anaweza kujibu Mto Wembere, ambao nao una vinamasi na maji yake huelekea Ziwa Eyasi bila kuiona bahari, na atakuwa na haki. Ndiyo sababu dokezo la pili linahitajika: "Mwisho wa safari yangu nasikia honi ya treni." Reli ya Kati inapita Bahi, na hapo Wembere inaanguka. Katika kutegua, njia ya uhakika ni kuanza na kinamasi na kupanda na mto kuelekea juu. Wakati wa kiangazi mto wenyewe huonekana kwenye picha kama mkanda wa mchanga mweupe usio na maji, na wageni wengi huudhani ni barabara ya vumbi.

"Bakuli langu liko mlimani, mwaka huu linajaa, mwaka mwingine linapwaya." Jibu ni Ziwa Haubi, ziwa dogo la kina kifupi katika vilima vya Irangi. Ukubwa wake hubadilika kufuatana na mvua, na kwa sababu hiyo picha moja ya setilaiti haitoshi. Google Earth ya kompyuta ina kitufe cha kurudisha picha za miaka iliyopita. Mteguaji akizipitia moja baada ya nyingine ataona ukingo wa maji ukisogea huku na huku. Fumbo hili linafundisha jambo ambalo ramani ya karatasi huficha, kwamba mstari wa buluu uliozunguka ziwa ni hali ya siku moja tu.

"Niliumwa na kwato, daktari akafukuza mifugo." Hili ni gumu zaidi, na ndilo linalozaa mazungumzo marefu. Jibu ni eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi chake HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,256 ili ardhi ipumzike na uoto urudi. Familia zililazimika kuhamisha ng'ombe wao au kuwauza, na wapo waliohama kabisa. Kwenye picha za setilaiti makorongo bado yanaonekana yakishuka kutoka vilimani kama mizizi ya mti, na mchanga ulioshushwa umetandazwa mabondeni. Vichaka vimerudi katika sehemu nyingi. Picha inaonyesha kovu na dawa kwa pamoja; haionyeshi kilichowapata wafugaji. Hilo wateguaji wanapaswa kuwauliza wazee.

"Vitabu vya vita vinaniita kwa majina mawili, ramani ya leo inaniita kwa moja." Ni Kondoa yenyewe, iliyoandikwa Kondoa-Irangi katika maandishi ya zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliuteka mji huu mwezi Aprili 1916. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alijaribu kuukomboa kwa niaba ya Wajerumani, akashindwa. Anayetegua kwa kutafuta neno Kondoa katika vitabu vya zamani ajihadhari: upo pia Mto Mkondoa wa Kilosa, mkoani Morogoro, unaotajwa sana na wasafiri wa karne ya 19. Mahali hapo hapana uhusiano na Irangi.

Barabara nayo ni kitendawili rahisi. Njia ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini ya wakati wa ukoloni, iliyofikiriwa kuunganisha Cape na Cairo. Lami ya kipande chote cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Picha za kabla na baada ya ujenzi zinaonyesha pia jinsi nyumba na maduka yalivyosogea kuifuata.

Majina yanayokosekana

Kitendawili hakiwezi kuteguliwa ikiwa jibu lake halipo kwenye ramani, na hilo hutokea mara nyingi vijijini. Sababu ni kadhaa. Karatasi nyingi za zamani zilichorwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, hivyo zinaonyesha makazi mahali ambapo watu waliondolewa, na hazionyeshi mahali walipopelekwa. Mipaka ya utawala pia imebadilika. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na fumbo linalosema "wilayani Kondoa" linaweza kuwa sahihi katika kitabu cha zamani na kosa leo. Farkwa na Kwa Mtoro, kwa mfano, sasa ziko Chemba.

Tahajia ni tatizo jingine. Eneo hili lina wasemaji wa lugha za makundi tofauti sana: Kirangi ni cha Kibantu, Kiburunge ni cha Kikushi, na Kisandawe kina sauti za kidoko ambazo alfabeti ya kawaida haiziwezi. Karani aliyeandika jina la kijiji kwa mara ya kwanza aliandika alivyosikia. Ndiyo sababu jina moja huweza kuwa na sura tatu kwenye ramani tatu.

Picha ya setilaiti haitatui tatizo hilo. Mtu aliye Ulaya anaweza kuona mapaa ya bati na kuyachora, lakini hawezi kujua kitongoji kinaitwaje. Miradi kadhaa ya Tanzania imejengwa juu ya ukweli huu. Ramani Huria ilianza Dar es Salaam mwaka 2015 ikiwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania. Wanaharakati wa mkoa wa Mara walihitaji ramani za vijiji ili waweze kuwafikia haraka wasichana wanaokimbia ukeketaji. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walichora njia na nyumba kwa kutazama picha, na wenyeji wakaongeza majina kwa simu zao. Katika hali kama hiyo, jina la kitongoji linalokosekana huweza kuwa saa kadhaa za kupotea usiku.

Kitendawili cha ramani hufichua mapengo hayo kwa njia ya mchezo. Jibu linapokuwa halipo, wachezaji waliojiandikisha OpenStreetMap wanaweza kuliongeza. Sharti ni kuwa na uhakika wa jina kutoka kwa wakazi. Kunakili kutoka ramani yenye hakimiliki hakuruhusiwi.

Michoro ya miambani: mahali pasipotegwa ovyo

Kondoa inajulikana duniani kwa michoro yake ya miambani, iliyoandikishwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lililoandikishwa lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yaliyohesabiwa yanazidi 150. Mary Leakey alinakili michoro mingi ya huko mwaka 1951, na kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Wageni huanzia kijiji cha Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kando ya barabara ya Babati, na huongozwa kutoka hapo.

Kwa mtegaji michoro hii inavutia mno, kwa sababu haionekani kutoka juu. Imechorwa kwenye kuta zilizo chini ya miamba iliyoinama, na setilaiti huona paa la mwamba tu. Mteguaji hana budi kutumia kontua, miteremko na maelezo ya maandishi. Hakuna fumbo linalotumia akili zaidi.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Kwa miaka mingi wapo watu wanaoamini kwamba Wajerumani walificha dhahabu katika miamba hiyo wakati wa vita, na wamechimba mashimo kuitafuta, hata mahali penye masalia ya kiakiolojia. Wengine humwagia michoro maji ili ionekane vizuri kwenye picha, na rangi hufifia. Kitendawili kinachomalizika kwa nukta ya tarakimu tano kwenye pango lisilo na mlinzi ni sawa na kumchorea mchimbaji ramani. Umbo la mchezo wenyewe, la fumbo linaloongoza kwenye kitu kilichofichwa, linalingana mno na ndoto ya mtafuta hazina. Urithi huu unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ila sheria haikai pangoni usiku.

Aidha, baadhi ya mapango bado ni mahali pa ibada. Mungomi wa Kolo hutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uganga. Anayepageuza kuwa jibu la mchezo bila kuwauliza amefanya utovu wa adabu, hata kama hajavunja kitu.

Desturi inayofaa, na ambayo mwandishi anaipendekeza kwa nguvu, ni kutega Kolo kama kijiji, mahali ambapo mgeni halali huanzia, na kupokea jibu kwa tarakimu mbili za desimali. Mapango yasiyo kwenye njia ya wageni hayategwi. Hali kadhalika nyumba za watu, makaburi ya familia na nyumba za hifadhi za wasichana hazifai kuwa jibu popote pale.

Kucheza shuleni

Katika darasa lenye simu moja, mwalimu anaweza kuionyesha ramani kwa zamu, kundi kwa kundi, huku makundi mengine yakitega mafumbo yao kwenye karatasi. Pasipo na mtandao, programu kama OsmAnd huwezesha kupakua ramani ya Tanzania mapema na kuitumia bila intaneti, ingawa picha za setilaiti hazitakuwamo. Majina yakikosekana, wanafunzi hutumwa nyumbani na swali moja tu la kuwauliza wakubwa: kilima kile kinaitwaje, na kwa nini. Mara nyingi huja na majibu mawili yanayopingana, na yote mawili huandikwa daftarini hadi mtu wa tatu aulizwe. Wakishindwa kutegua, hutoa mji kama kawaida, na mtegaji ana haki ya kuukataa mpaka watoe ule ambao wanaweza kuuonyesha kwenye ramani kwa kidole.